Kwenda Mahale: Kupanga Safari ya Kambi na Kupanda Mlima Nkungwe

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale iko magharibi mwa Tanzania, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kilomita 120 na ushei kusini mwa mji wa Kigoma. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 1,600. Ndani yake watalii hawazunguki kwa gari. Mgeni huingia kwa boti au kwa ndege ndogo, na akishashuka, kila anachotaka kukiona hukifuata kwa miguu. Mvua ikinyesha hakuna gari la kujisitiri, chumvi ikiisha hakuna duka la jirani, na usiku wa mlimani paa ni hema alilolibeba mwenyewe mgongoni.

Kwa sababu hiyo Mahale ni mahali pazuri pa kujifunzia namna ya kupanga safari ya kambi katika hifadhi ya mbali. Katika hifadhi zilizo karibu na lami, kosa la maandalizi hurekebishwa njiani. Mahale, karibu kila uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya boti kung'oa nanga Kigoma, na kisichopatikana hapo hakitapatikana tena hadi siku ya kurudi. Maandalizi hayo yana makusudi mawili yenye uzito sawa. La kwanza ni mgeni arudi salama. La pili ni misitu na wanyama aliowafuata wabaki salama baada ya yeye kuondoka, maana umbali uleule unaomsumbua msafiri ndio uliowalinda kwa miaka mingi.

Kupanga huanza na kuielewa ardhi yenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kina. Uso wa maji uko kwenye mwinuko wa mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka ufukweni milima huinuka ghafla hadi kwenye kilele cha Nkungwe, chenye mita 2,462. Anayetoka mchangani na kufika kileleni huwa amepanda karibu mita 1,700, kimo ambacho miguu isiyozoea haiwezi kukimaliza kwa asubuhi moja. Joto la hewa nalo hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo kati ya ufukwe na kilele kuna tofauti ya nyuzi zipatazo 10, na mtu aliyelala pwani ya ziwa kwa shuka jepesi atahitaji sweta na kofia ya sufu usiku wa pili.

Uoto hubadilika kadiri njia inavyopanda. Chini, upande wa ziwa, kuna msitu mnene wenye mito midogo na kamba za mitambaazi. Juu yake hufuata msitu wa milimani na mianzi, na migongoni mwa milima kuna majani ya wazi yanayopigwa na upepo. Upande wa mashariki, mbali na ziwa, miteremko hushuka kwenye nchi ya miombo, makao ya tembo, nyati na wanyama wengine wa nyika. Mtu wa kambi anapaswa kuzijua kanda hizi kwa kuwa kila moja ina mahitaji yake: msituni kuna unyevu, mizizi inayoteleza na siafu, kwenye miombo kuna mbung'o na jua kali, kwenye majani ya juu kuna baridi, na kivuli ni haba.

Milima hii ina wenyewe. Wazee wa Watongwe waliishi na kulima kwenye miteremko ya Mahale kabla ya hifadhi kuwapo, na Nkungwe kwao ulikuwa mlima wa matambiko, uliopandwa na watu waliokwenda kuomba kwa mizimu ya wahenga. Msafiri wa leo anapopanda mlima huo anakwenda mahali ambapo wengine walipanda kwa ibada, na heshima ya sauti na mwendo inampasa. Alama za makazi ya zamani bado zimo msituni. Michikichi, miembe na milimau iliyopandwa na watu iliendelea kuzaa baada ya mashamba kuachwa, na watafiti waliwaona sokwe wakijifunza kidogo kidogo kula maembe na malimau ambayo hapo awali hawakuyagusa.

Utafiti huo ulianza mwaka 1965, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani alipoanza kuwafuatilia sokwemtu wa eneo la Kasoge. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya nusu karne na kuifanya Mahale kuwa miongoni mwa sehemu chache duniani ambako sokwe wa mwituni wa vizazi kadhaa wanajulikana mmoja mmoja, kwa jina na ukoo. Hifadhi nzima ina sokwe kwa mamia, lakini waliozoeshwa kuonwa na watu ni wa kundi liitwalo M, lenye sokwe wapatao 60. Jambo hili lina uzito katika kupanga safari. Wageni wote wa sokwe wanakwenda kwa kundi lilelile, hivyo nafasi za kila siku zina kikomo, na hitilafu ndogo ya mgeni mmoja inawafika wanyama ambao historia yao yote imeandikwa.

Baada ya kuijua ardhi, linafuata suala la msimu. Mahale ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na kiangazi cha Mei hadi Oktoba. Wakati wa mvua njia za mlimani huteleza, vijito hufurika na nguo hazikauki kambini. Kiangazi njia hukauka, na kati ya Agosti na Oktoba sokwe mara nyingi hushuka kwenye miteremko ya chini, karibu na ziwa, jambo linalofupisha mwendo wa kuwatafuta. Kiangazi nacho kina gharama yake, kwa kuwa ndio wakati ambapo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani na kuinua mawimbi. Boti inayotoka Kigoma kwenda Mahale huukabili upepo huo usoni. Anayepanga safari ya Julai au Agosti aweke hesabu ya kuondoka alfajiri, kabla ziwa halijachafuka, na awe na siku ya ziada ya kusubiri endapo nahodha atasema leo hapana. Neno la nahodha halibishaniwi.

Jambo la tatu ni kibali na fedha. Hifadhi iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na makao yake makuu ya hifadhini yako Bilenge, kwenye mwambao. Kiingilio, ada ya kambi, ada ya mwongozaji na ya kuwatembelea sokwe hulipwa kila moja kwa nafsi yake, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, kwa viwango vilivyo chini sana ya vile vya wageni kutoka nje. Hili linafaa kusemwa waziwazi, kwani Watanzania wengi huamini kwamba Mahale ni ya wageni wenye dola. Kinachopandisha gharama kwa mwananchi si kiingilio bali usafiri wa majini. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo inayotolewa na serikali, si kwa noti mkononi. Kwa vile mtandao hautegemeki ziwani, ni busara malipo yote yakamilike Kigoma na stakabadhi zichapishwe kwenye karatasi. Viwango vya mwaka husika viulizwe ofisi ya TANAPA kabla ya kukusanya michango.

Hapo ndipo idadi ya wasafiri inapoingia kwenye hesabu. Boti ya kukodi kutoka Kigoma hula mafuta karibu yaleyale ikiwa na abiria mmoja au sita. Mtu anayekwenda peke yake hubeba gharama nzima, na walio sita huigawana. Upande wa pili, kanuni za kuwatembelea sokwe haziruhusu kikundi cha wageni zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Sheria ya sokwe na hesabu ya mafuta zinakutana hapo: sita ni idadi inayofaa kuliko zote. Wakizidi, watagawanywa na kungojeana. Wakipungua, kila mmoja atalipa zaidi. Watoto walio chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, kwa hiyo familia yenye wadogo ipange mapema nani atabaki nao kambini.

Kufika Kigoma kuna njia kadhaa. Ndege za abiria hutua mjini humo. Mabasi hufika kupitia Tabora au kupitia mikoa ya Ziwa. Reli ya zamani ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na abiria wake ajiandae kukaa njiani kwa siku 2 hivi. Kutoka Kigoma, boti ya kasi hufika Mahale kwa saa 3 hadi 4 ziwa likitulia. Zipo pia boti za mbao za abiria na mizigo zinazosimama kijiji hadi kijiji, za bei nafuu, lakini ratiba yake hutegemea mizigo na hali ya hewa. Kwa miongo mingi wasafiri walitegemea vilevile meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927. Meli hiyo imekuwa ikisimama kwa matengenezo, kwa hiyo asipange mtu kuitegemea kabla ya kuulizia bandarini.

Kwa chombo chochote, jaketi okozi ni haki ya kila abiria. Kabla ya kulipa nauli, msafiri ayahesabu majaketi kwa macho yake, aone kama kamba na vifungo vyake ni vizima, na aulize kama kuna mashine ya akiba. Ziwa lenye kina kama hiki halina mahali pa kusimama, na ufuko ulio karibu kwa macho waweza kuwa mbali kwa kuogelea. Mizigo ifungwe ndani ya mifuko isiyopitisha maji, kila mkoba ukiwa na jina. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 2019, hivyo nguo zifungwe kwenye mifuko maalumu ya kuzuia maji au ndoo zenye mifuniko.

Suala la nne ni mzigo wa mgongoni, na hapa mipango mingi huharibika, kwa kuwa watu hufungasha kwa hofu. Kipimo kizuri ni kwamba mtu wa kawaida asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 65 anaruhusiwa kilo 13, na kilo hizo huisha upesi. Begi lenyewe ni kilo 2. Hema la watu wawili lina kilo 3, wakigawana kila mmoja hubeba kilo moja na nusu. Mfuko wa kulalia ni kilo moja na nusu, na kigodoro chembamba nusu kilo. Nguo za akiba ni kilo moja na nusu. Chakula kikavu cha siku 3, kwa gramu 700 kwa siku, ni kilo 2 na gramu 100. Maji lita 3 ni kilo 3. Jumla imeshafika kilo 12 na gramu 100, na bado tochi, dawa, sufuria na mtungi wa jiko. Ndiyo maana jozi ya tatu ya suruali, kitabu kinene na chupa za vioo hubaki nyumbani. Asiyeweza kubeba kiasi hicho aombe wapagazi kwa utaratibu wa hifadhi, na uzito watakaobeba upimwe kwa haki ileile.

Hema liwe na wavu mzima wa kuzuia wadudu na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta. Lisimikwe nyumbani angalau mara moja kabla ya safari, lipigwe maji, lionwe linapovujia. Viatu viwe na soli yenye meno na viwe vimevaliwa kwa wiki kadhaa. Viatu vipya ni malengelenge ya siku ya kwanza. Nguo ziwe za mikono mirefu, rangi ya kaki au ya majani makavu. Buluu na nyeusi ziepukwe, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Suruali ichomekwe ndani ya soksi msituni, kuzuia siafu na kupe. Tochi ya kichwani huiacha mikono yote miwili huru, nayo iwe na betri za akiba.

Mwili nao ni kifaa. Wiki nane kabla ya safari, msafiri aanze kutembea mara tatu kwa wiki akiwa na begi, kwanza kilo 5, kisha aongeze hadi uzito kamili. Anayeishi mjini pasipo na kilima apande ngazi za ghorofa akiwa na begi hilo. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo ngazi zishukwe kwa miguu badala ya lifti.

Chakula kichaguliwe kwa vipimo vitatu: wepesi, kutoharibika na muda wa kupika. Maharage makavu ni mepesi lakini huchukua saa nyingi jikoni na kumaliza gesi. Mchele, unga wa ugali, tambi, karanga, maziwa ya unga na dagaa hufaa zaidi. Dagaa wa Kigoma ni hazina ya safari hii, maana waliokaushwa hawana maji ya kubebwa bure, huiva kwa dakika chache na hukaa wiki nyingi bila barafu. Huvuliwa usiku kwa taa, katika giza la mwezi. Mbalamwezi ikipanda, uvuvi hupungua na bei hupanda, hivyo anayefika Kigoma mwezi ukiwa mkubwa ajue hilo. Mnunuzi achague waliokaushwa juu ya chanja, akiwaepuka wa mchangani. Njia ya kuwatambua ni kuwatia konzi moja ndani ya bakuli la maji na kuwachezea kwa vidole: mchanga ukituama chini, hao ni wa ardhini, na kambini hakuna maji ya kuwaosha mara nne.

Moto wa kuni usitegemewe. Hifadhini kuni hazikatwi, na kiangazi cheche moja kwenye majani makavu yaweza kuteketeza mteremko mzima. Jiko dogo la gesi linatosha. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba mitungi ya gesi hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria, kwa hiyo ainunue Kigoma na ahakikishe mapema kwamba aina inayopatikana huko inaingiana na jiko lake. Mabaki na vyakula vyenye harufu vifungwe ndani ya chombo chenye mfuniko mgumu, visilale ndani ya hema. Nyani na nguruwe mwitu wakishaonja chakula cha kambi hurudi kila siku, na mwishowe mnyama ndiye huadhibiwa kwa uzembe wa mtu.

Maji ya vijito vya Mahale huonekana maangavu, lakini uangavu haumaanishi usalama. Yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Vidonge vya kutibu maji viwepo kama akiba. Mtembeaji wa kiangazi ahesabu lita 3 hadi 4 kwa siku, na amuulize mwongozaji kila asubuhi kijito cha mwisho kiko wapi kabla ya migongo mikavu ya juu. Kuoga ziwani kuwe kwa ruhusa ya askari wa hifadhi tu, maana mamba na viboko wapo, na karibu na vijiji kuna hatari ya kichocho.

Afya inahitaji maandalizi ya wiki, si ya siku. Malaria ipo mwaka mzima, hivyo ushauri wa daktari kuhusu dawa ya kinga, chandarua na dawa ya kupaka ni vya lazima. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bendeji, dawa ya vidonda, chumvi za kuongezea maji mwilini, dawa ya maumivu, kipimo cha haraka cha malaria na dawa ya mseto iliyoelekezwa na mtaalamu. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ya mkoa, Maweni, mjini Kigoma, nayo iko ng'ambo ya saa kadhaa za maji. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo abebe dawa zake mara mbili ya siku za safari, nusu yake ikae ndani ya begi la mwenzake.

Kuna afya nyingine ambayo wasafiri wengi huisahau, nayo ni ya sokwe. Sokwemtu ni ndugu wa karibu mno wa binadamu kimaumbile, na magonjwa ya kifua ya watu huwapata nao, lakini wao hawana kinga tuliyoizoea sisi. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliliingia kundi la M, baadhi ya sokwe wakafa, na uchunguzi ulikuta virusi vinavyofanana na vile vinavyoleta mafua na kikohozi kwa binadamu. Kutokana na hatari hiyo kanuni ni kali, na zinastahili kuwa kali. Mgeni huvaa barakoa. Hukaa umbali wa mita 10 au zaidi. Muda wa kuwatazama ni saa 1. Hali, hanywi wala hatemi mate karibu nao, wala hapigi picha kwa mwanga wa kamera. Mwenye mafua, kikohozi, homa au kuhara haendi kabisa, hata kama amelipa.

Anayezishika kanuni hizo huona mengi ndani ya saa hiyo moja. Sokwe wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akanyanyua mkono mmoja juu, viganja vikashikana, na kwa mikono iliyobaki wakachambuana manyoya ya kwapani. Tabia hiyo iliyoelezwa na watafiti hapa Mahale miaka ya 1970 haionekani katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ingawa nayo iko kwenye ziwa hilohilo, na ni ushahidi kwamba makundi ya sokwe yana desturi zinazorithishwa. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe na mtumishi wa hifadhi, walimwona sokwe mgonjwa akimenya ganda la mjonso na kunyonya utomvu mchungu wa ndani, mti ambao Watongwe wenyewe huutumia kwa maradhi ya tumbo. Elimu ya mzee wa kijiji na ya chuo kikuu ziliketi pamoja, na dunia ikaanza kuchunguza kwa makini kama wanyama hujitibu.

Mlima Nkungwe upangwe baada ya sokwe, wakati miguu imeshazoea njia. Hakuna anayepanda bila mwongozaji na askari mwenye silaha. Siku 3 zinatosha kwa watu wengi. Siku ya kwanza ni ya kupanda msituni, mwendo wa polepole, na kambi isimikwe kabla ya saa kumi jioni ili giza lisiwakute wakitafuta tambarare. Siku ya pili waondoke alfajiri na mabegi mepesi, wapite mianzi na majani ya juu, wafike kileleni asubuhi na kurudi kambini. Siku ya tatu ni ya kushuka. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa mtu wake wa mwisho; mwongozaji hutangulia, askari au msafiri mzoefu hufunga nyuma, na hakuna anayekata njia peke yake, hata kwa haja. Choo ni shimo la kina cha sentimita 30, mbali na kijito, linalofukiwa baadaye.

Dharura nayo ina mpango wake. Simu haipati mtandao kila mahali, kwa hiyo mawasiliano ya kuaminika ni ya askari wa hifadhi. Kabla ya kuondoka Kigoma, karatasi yenye majina, njia, tarehe ya kurudi na namba za ofisi ya hifadhi iachwe kwa ndugu anayejua la kufanya tarehe ikipita. Mkataba na mwenye boti utaje siku na saa ya kuwafuata, na mafuta ya kurudia yalipiwe mapema. Chakula kizidi kwa siku 2, na likizo ya kazini izidi kwa siku 2 vilevile. Akiba haiozi, na ziwa likifunga njia, siku hizo mbili hulinda utulivu wa kikundi chote.

Kambi ikivunjwa, kila kilichoingia hutoka: makopo, betri, barakoa zilizotumika, hata maganda ya machungwa. Barakoa hufungwa peke yake ndani ya mfuko uliofungika, kwani iliyodondoka njiani yaweza kuokotwa na mtoto wa sokwe. Taka zirudi hadi Kigoma, zisiachwe kwenye vijiji vya jirani visivyo na dampo.

Mambo yote haya yakipangwa kwa kalenda huwa mepesi. Miezi mitatu kabla, kikundi kikubaliane juu ya msimu, bajeti na idadi, kisha kiwasiliane na hifadhi kuweka nafasi. Miezi miwili kabla, mazoezi yaanze na daktari aonwe. Mwezi mmoja kabla, vifaa vijaribiwe na usafiri wa Kigoma ukatiwe tiketi. Wiki moja kabla, mabegi yapimwe kwenye mizani. Siku mbili za Kigoma ni za dagaa, gesi, malipo na kuikagua boti. Asubuhi ya kuondoka linabaki swali moja kwa kila msafiri: anakohoa, ana mafua, ana homa? Akijibu ndiyo, abaki mjini apumzike hadi apone, na wenzake wamtunzie nafasi ya safari nyingine bila lawama, kwa sababu safari ya mtu huahirishwa, lakini sokwe aliyeambukizwa hana hospitali ya kukimbilia.